Kulinda Akiba Kabla ya Kupunguza Kodi: Mwongozo kwa Mweka Akiba wa Kenya na Tanzania

Mwenye akiba hukabiliwa na maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa kana kwamba ni moja: afanye nini ili fedha alizoziweka zisipotee, na afanye nini ili kodi inayotozwa juu ya faida ya fedha hizo iwe ndogo kadiri sheria inavyoruhusu. Maswali yote mawili ni halali, lakini hayana uzito sawa. Mwongozo huu unashikilia kwamba ulinzi wa mtaji, yaani fedha zenyewe zilizowekwa, ndio unaotangulia. Thamani ya mtaji huo mbele ya kupanda kwa bei hufuata. Uwezo wa kuzipata fedha zinapohitajika huwa wa tatu. Na kodi huwa ya mwisho. Anayeupindua mpangilio huo, hata kama hajavunja sheria yoyote, huhatarisha kikubwa kwa ajili ya kidogo.

Kinachochukuliwa na kodi na kinachochukuliwa na hasara

Kodi inayomgusa zaidi mweka akiba wa kawaida ni kodi ya zuio, nayo ni kodi ambayo mlipaji wa riba, kwa mfano benki, huikata kabla ya kumkabidhi mwenye fedha kilichobaki, kisha akaiwasilisha kwenye mamlaka ya mapato. Nchini Kenya riba ya benki anayolipwa mkazi hukatwa asilimia 15, na nchini Tanzania asilimia 10. Kwa mtu binafsi kodi hiyo huwa ya mwisho, maana yake ni kwamba riba iliyokwisha kukatwa haitozwi tena wakati wa kujaza ritani ya mwaka. Jambo la kuzingatia ni kwamba mkato huo huigusa riba peke yake na huuacha mtaji ulivyo, kwa hiyo mwaka usiokuwa na riba hauna kodi.

Tuseme mkazi wa Nakuru ameweka shilingi 900,000 za Kenya katika amana ya muda maalumu, yaani fedha zinazofungwa benki kwa muda uliokubaliwa, kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka. Mwisho wa mwaka riba itakuwa shilingi 81,000, kodi ya zuio itakuwa shilingi 12,150, na mweka akiba atabaki na shilingi 68,850 juu ya mtaji wake wote. Benki hiyo hiyo ikifungwa, bima ya amana itamlipa shilingi 500,000, na nyingine 400,000 za mtaji wake zitabaki zikisubiri hatima ya ufilisi. Kodi ya shilingi 12,150 ingelazimika kulipwa kwa karibu miaka 33 ndipo ifikie kiasi hicho kilichoachwa wazi. Kwa lugha nyingine, kodi aliyokuwa akiihofia ni shilingi 1.35 kwa kila 100 kwa mwaka, kwa hiyo akizihamishia fedha zake mahali pasipo na kodi, lakini ambako uwezekano wa kuzipoteza zote umeongezeka hata kwa asilimia 2 tu kwa mwaka, hesabu tayari inamwonyesha kuwa amepata hasara.

Yaliyotokea katika kisiwa cha Kupro mwezi Machi 2013 yanaonyesha jambo hilo kwa kiwango cha nchi nzima. Kwa miaka mingi kisiwa hicho kilivuta fedha nyingi za wageni kwa sababu ya kodi zake nafuu, ikiwemo kodi ya makampuni ya asilimia 10, pamoja na riba nzuri za benki zake. Benki hizo zilipoelemewa, amana zisizozidi euro 100,000 zililindwa, lakini katika Bank of Cyprus asilimia 47.5 ya kila kilichozidi kiwango hicho iligeuzwa kuwa hisa za benki iliyokuwa taabani, ilhali Laiki, benki ya pili kwa ukubwa, ilifungwa na wenye amana kubwa wakapoteza sehemu kubwa ya ziada yao. Kodi ya riba, hata ikiwa ya kiwango cha juu, hukata kipande cha faida ya mwaka mmoja. Wenye amana hao walikatwa kwenye mtaji wa maisha.

Hatua ya kwanza: kuujengea mtaji ulinzi

Ulinzi wa kwanza wa fedha za benki ni bima ya amana, yaani mfuko unaochangiwa na benki zenyewe ili kuwalipa wenye akiba pale benki mojawapo inapofungwa. Nchini Kenya mfuko huo husimamiwa na Shirika la Bima ya Amana, ambalo mwaka 2020 lilipandisha kiwango cha malipo kutoka shilingi 100,000 hadi 500,000. Nchini Tanzania husimamiwa na Bodi ya Bima ya Amana, na kiwango kilipandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi milioni 1.5 hadi milioni 7.5. Kiwango hicho huhesabiwa kwa kila mweka akiba katika kila benki, kwa hiyo akaunti tatu za mtu mmoja katika matawi matatu ya benki moja hujumlishwa na kuhesabiwa kuwa amana moja. Anayetaka kuzilinda shilingi 900,000 anapaswa kuzigawa katika benki mbili tofauti, na gharama ya kufanya hivyo ni fomu chache za kujaza.

Tahadhari hiyo haikuzuka hivi hivi. Imperial Bank ya Kenya iliwekwa chini ya msimamizi mwezi Oktoba 2015, wakati kiwango cha bima kilikuwa bado shilingi 100,000, na safari yake ilifikia ufilisi Desemba 2021. Chase Bank ya nchi hiyo hiyo ilifunga milango Aprili 2016, na mwaka 2018 ndipo asilimia 75 ya amana zilizokuwa zimezuiwa zilipohamishiwa benki nyingine. Nchini Tanzania, mwezi Januari 2018, Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa mkupuo kwa sababu ya upungufu wa mtaji, kadhaa kati yake zikiwa benki za wananchi zilizoanzishwa mikoani kwa nia njema. Katika matukio hayo yote, aliyekuwa na amana ndani ya kiwango cha bima alikuwa na mahali pa kudai, na aliyekizidi sana akabaki kusubiri.

Pamoja na bima, mweka akiba anapaswa kuzisoma hesabu ambazo benki huzichapisha kila robo mwaka, na hahitaji kuwa mhasibu ili azielewe. Mambo mawili yanamtosha kwa kuanzia. La kwanza ni uwiano wa mtaji wa benki na mali zake zilizopimwa kwa hatari, ambao nchini Kenya haupaswi kushuka chini ya asilimia 14.5, la pili ni mikopo chechefu, yaani mikopo ambayo wakopaji wameshindwa kuirejesha kwa wakati, kwani mikopo hiyo inapoongezeka robo baada ya robo, mtaji wa benki huwa unaliwa polepole.

Vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, vinavyojulikana zaidi kama Sacco, vina manufaa makubwa kwa sababu huwawezesha wanachama kukopa kwa masharti nafuu, lakini amana zake haziko chini ya bima ya amana za benki. Matokeo ya ukaguzi maalumu wa hesabu za KUSCCO, chombo cha muungano kilichokuwa kikipokea akiba za Sacco nyingi za Kenya, yalionyesha pengo la zaidi ya shilingi bilioni 13. Kwa hiyo mwanachama anapaswa kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka, kudai hesabu zilizokaguliwa, na kuhakikisha kwamba chama chake kina leseni ya msimamizi anayetambuliwa na sheria.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni upatu, yaani mpango ambao faida ya waliotangulia hulipwa kwa michango ya wanaojiunga baadaye, na ambao huporomoka wajiungaji wapya wanapopungua. Watanzania wengi waliipata hasara hiyo kwa mpango wa DECI, uliosambaratika mwaka 2009, na Wakenya waliipata katika mipango ya aina hiyo iliyoenea katikati ya muongo huo huo. Wenye mipango kama hiyo hupenda kujisifu kwamba hawakati kodi, na hapo ndipo penye alama ambayo mweka akiba anapaswa kuijua. Sheria humlazimisha mlipaji halali wa riba kukata kodi ya zuio, au kukitaja kifungu kinachoisamehe riba hiyo. Taasisi isiyokata chochote na isiyoweza kutaja kifungu chochote, kwa kawaida, haijasajiliwa mahali popote. Hati ya kodi iliyozuiwa, ambayo wengi huiona kuwa kumbukumbu ya kilichoondoka, ni ushahidi pia kwamba anayezishika fedha anajulikana na dola.

Hatua ya pili: kupima mfumuko wa bei

Fedha zisizopotea zaweza kupungua nguvu. Mfumuko wa bei, yaani kasi ya kupanda kwa bei za bidhaa na huduma kwa ujumla, ulifika asilimia 9.6 nchini Kenya mwezi Oktoba 2022, na nchini Tanzania ulikuwa asilimia 19.8 mwezi Desemba 2011. Mweka akiba aliyekuwa akipata riba ya asilimia 4 mjini Nairobi mwezi huo wa Oktoba alikatwa kodi ya asilimia 0.6 ya mtaji wake, akabaki na asilimia 3.4, na baada ya kuondoa mfumuko wa bei nguvu ya fedha zake ilikuwa inapungua kwa asilimia 6.2 kwa mwaka. Hata kama serikali ingeifuta kodi hiyo yote, upungufu ungebaki asilimia 5.6. Tatizo lake kubwa lilikuwa mahali alipoziweka fedha, na nafuu yoyote ya kodi isingelitatua.

Kipimo sahihi, kwa hiyo, ni faida halisi, nayo hupatikana kwa kuchukua riba, kuondoa kodi, kisha kuondoa mfumuko wa bei. Mweka akiba anapolinganisha amana ya benki, mfuko wa uwekezaji wa pamoja na hatifungani ya serikali, anapaswa kuviandika vitu hivyo vitatu kwenye mstari mmoja kwa kila chaguo, kwa kuwa tangazo la biashara aghalabu huonyesha kile cha kwanza peke yake.

Hatua ya tatu: kuigawa akiba kwa muda wa matumizi

Fedha zote za mtu hazina kazi moja, na kosa la kawaida ni kuzipa zote kanuni moja. Fungu la kwanza ni la dharura, linalotosha matumizi ya nyumbani ya miezi mitatu hadi sita, na kazi yake ni kupatikana siku ile ile ugonjwa au kufukuzwa kazi kunapobisha hodi. Fungu hilo hukaa kwenye akaunti ya akiba au kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaoshika dhamana za muda mfupi, na mwenye nalo anapaswa kuilipa kodi ya zuio bila kinyongo, kwa sababu anacholipia ni ukwasi, yaani wepesi wa kuzigeuza fedha kuwa taslimu. Fungu la pili ni la malengo ya mwaka mmoja hadi mitano, kama vile karo ya sekondari au kujenga nyumba, nalo laweza kufungwa kwa muda unaolingana na lengo. Fungu la tatu ni la uzeeni, na humo ndimo kodi hupata uzito wake wa kweli.

Sababu ya uzito huo ni riba inayozaa riba. Shilingi 100,000 zinazokua kwa asilimia 12 kwa mwaka bila kukatwa kodi hufika takriban shilingi 310,600 baada ya miaka 10. Zikikatwa asilimia 15 ya riba kila mwaka, hukua kwa asilimia 10.2 na kufika takriban shilingi 264,100. Tofauti ya zaidi ya shilingi 46,000 haipaswi kudharauliwa, na ndiyo inayofanya upunguzaji wa kodi kuwa kazi inayostahili jitihada. Ila tofauti hiyo humfaa tu yule ambaye fedha zake zitadumu miaka yote 10 mahali salama, na ambaye dharura haitamlazimisha kuzing'oa katikati ya safari.

Hatua ya nne: kuzichukua nafuu za kodi ambazo sheria imezitoa

Nafuu ya kwanza, na iliyo bora kwa mwajiriwa, ni mchango wa pensheni katika mfuko uliosajiliwa. Nchini Kenya, tangu mwishoni mwa Desemba 2024, mchango usiozidi shilingi 30,000 kwa mwezi huondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kukokotolewa, badala ya kiwango cha awali cha shilingi 20,000. Nchini Tanzania pia mchango wa mfanyakazi kwa mfuko ulioidhinishwa huondolewa kabla ya kukokotoa kodi ya mshahara. Mkenya ambaye sehemu ya juu ya mshahara wake hutozwa asilimia 30 akichangia shilingi 10,000 kwa mwezi, kodi yake hupungua kwa shilingi 3,000, kwa hiyo fedha anazopeleka nyumbani hupungua kwa shilingi 7,000 tu. Mfuko uliosajiliwa huwa na wadhamini, meneja wa uwekezaji na mtunza mali walio tofauti, na mali zake hutenganishwa na za mwajiri, kwa hiyo nafuu ya kodi na ulinzi wa mtaji huja kwa pamoja. Bei yake ni kwamba fedha hizo hazipatikani zote kabla ya umri wa kustaafu, na ndiyo maana fungu la dharura hutangulia.

Nafuu ya pili ni hatifungani, yaani hati ya mkopo ambao mwananchi huikopesha serikali kwa riba na muda unaojulikana. Riba ya hatifungani za kawaida za Kenya hukatwa asilimia 15, au asilimia 10 kwa zile za miaka 10 na zaidi, lakini hatifungani za miundombinu zimekuwa zikitolewa bila kodi tangu mwaka 2009. Ile ya Februari 2024, ya miaka 8.5, ililipa asilimia 18.46 bila mkato, na hatifungani inayokatwa asilimia 10 ingelazimika kulipa takriban asilimia 20.5 ili ilingane nayo. Hata hivyo, anayelazimika kuiuza kabla ya muda wake huiuza kwa bei ya soko, ambayo hushuka riba za hatifungani mpya zinapopanda. Serikali nayo si mkopaji asiyeyumba: mwezi Desemba 2022 Ghana iliwataka wenye hatifungani zake za ndani wazibadilishe kwa nyingine za muda mrefu zaidi na riba ndogo zaidi. Msamaha wa kodi, kwa hiyo, hauondoi wajibu wa kutoweka fedha zote mahali pamoja.

Nafuu zinazogharimu kuliko zinavyookoa

Bima ya elimu ni bidhaa yenye maana kwa mzazi anayetaka ada ya mwanawe ilipwe hata akifariki, lakini mara nyingi huuzwa kwa kutanguliza kodi. Nchini Kenya mwenye bima ya aina hiyo hupata nafuu ya asilimia 15 ya michango yake, isiyozidi shilingi 60,000 kwa mwaka, ilimradi mkataba uwe wa miaka 10 au zaidi. Mzazi anayechangia shilingi 5,000 kwa mwezi huokoa kodi ya shilingi 9,000 kwa mwaka. Akishindwa kuendelea baada ya miaka miwili, atakuwa amechangia shilingi 120,000 na kuokoa 18,000, na kwa kuwa mikataba mingi hairudishi chochote au hurudisha kidogo sana katika miaka ya mwanzo, hasara yake yaweza kufika shilingi 102,000. Zaidi ya hapo, kama kuna kiasi kinachorudishwa, sheria hutaka nafuu alizopewa zikatwe humo. Kabla ya kutia sahihi, mnunuzi anapaswa kudai jedwali linaloonyesha kiasi kitakachorudishwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, na kulisoma jedwali hilo kabla ya kusikiliza habari za kodi.

Mtego wa pili ni kuandika bei ya uongo katika mkataba wa ardhi ili kupunguza ushuru wa stempu, ambao nchini Kenya ni asilimia 4 ya thamani mijini na asilimia 2 mashambani. Anayenunua kiwanja cha mjini kwa shilingi milioni 4 na kuandika milioni 2.5 huonekana ameokoa shilingi 60,000. Akikiuza baadaye kwa milioni 5, faida yake kwenye karatasi itakuwa milioni 2.5 badala ya milioni 1, na kwa kodi ya asilimia 15 inayotozwa juu ya faida hiyo tangu Januari 2023 atadaiwa shilingi 375,000 badala ya 150,000. Iwapo hati ya muuzaji itabainika kuwa batili, mnunuzi atadai kurudishiwa fedha akiwa na mkataba unaomshuhudia kwamba alilipa milioni 2.5. Kuficha ukweli kwa namna hiyo ni ukwepaji kodi, ambao ni kosa la jinai, tofauti na upunguzaji wa kodi kwa kutumia nafuu zilizoandikwa katika sheria.

Mtego wa tatu ni kuandikisha mali au akaunti kwa jina la ndugu au rafiki ili mapato yasionekane. Mwenye jina ndiye mwenye mali machoni pa sheria. Akifariki, warithi wake watadai, akiwa na madeni, wadai wake watashika, na ndoa yake ikivunjika, mali hiyo itaingia katika mgawanyo. Mwenye fedha atabaki na ahadi ya mdomo, ambayo hata mahakamani ni vigumu kuithibitisha bila kukiri kwamba lengo lilikuwa kuificha kodi.

Kuweka kumbukumbu na kufanya mapitio

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kwa mweka akiba daftari hilo linapaswa kuwa na mambo matano kwa kila fungu: jina la taasisi na namba ya leseni yake, kiasi kilichowekwa, kiasi kinachofunikwa na bima ya amana, tarehe ambayo fedha zinaweza kutolewa, na kodi iliyokatwa pamoja na hati yake. Mwenzi wa ndoa au mrithi anapaswa kujua daftari hilo linakohifadhiwa, kwa sababu akiba isiyojulikana na warithi yaweza kukaa benki hadi ikahesabiwa kuwa mali isiyodaiwa.

Mapitio yafanyike mara moja kwa mwaka, baada ya bajeti za serikali zinazosomwa mwezi Juni na sheria za fedha zinazofuata, kwa maana viwango vya kodi hubadilika na nafuu ya mwaka huu yaweza kuondolewa mwaka ujao. Mweka akiba aanze kwa kujiuliza kama kuna benki moja iliyopita kiwango cha bima, kisha kama faida halisi ya kila fungu iko juu ya sifuri, kisha kama fungu la dharura bado linatosha miezi mitatu, na baada ya hapo ndipo aulize ni nafuu gani ya kodi ambayo hajaitumia. Mpango ambao kivutio chake pekee ni kodi unapaswa kukataliwa, kwa sababu ukiondolewa msamaha huo, hakuna kinachobaki cha kumshawishi mtu mwenye busara azikabidhi fedha zake humo. Fedha za mfanyakazi, mkulima au mfanyabiashara mdogo zimekusanywa kwa miaka ya kujinyima, na mwenye nazo ana haki ya kulipa kodi ndogo kadiri sheria inavyoruhusu, mradi awe kwanza amehakikisha kwamba mtaji wenyewe utakuwepo siku atakapouhitaji.